Picha ya Kale ni Shahidi, na Shahidi Huulizwa



Katika nyumba nyingi za pwani, tangu Lamu mpaka Kilwa, hamkosi bahasha au sanduku lenye picha za zamani: mzee amevaa kanzu na joho, nyuma yake ukuta usiojulikana ni wa mji gani, watoto wamepangwa mbele ya mlango wa nakshi, chombo kimeegeshwa ufukoni. Waliopigwa picha wamekwisha tangulia mbele ya haki, na waliowajua nao wanapukutika mmoja mmoja. Mjukuu akiuliza, "Hapa ni wapi?" aghlabu hujibiwa, "Nadhani ni Ujiji," au "Nadhani ni Tabora." Na hiyo "nadhani" ikisemwa mara tatu hugeuka ikawa "ni".

Kutajwa Ujiji si ajabu. Mji huu wetu wa Ziwa Tanganyika ni binti wa pwani. Watu wa Mrima, wa Unguja na wa Omani waliufikia kwa miguu wakifuata njia ya misafara, wakajenga, wakaoa, wakazikwa. Mwinyi Kheri, aliyekuwa mkubwa wa Ujiji mpaka alipofariki mwaka 1885, asili yake ni Mtang'ata, upande wa Tanga. Basi yamkini katika sanduku lako wewe msomaji wa Pangani au Bagamoyo imo picha ya jamaa yako aliyelala huku kwetu. Kwa hiyo nataka tuzungumze namna ya kuijua picha ya kale ni ya wapi, nami nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwani mwalimu asiyetaja makosa yake huwafundisha wanafunzi wake kuyaficha.

Mimi nasomesha madrasa hapa Mwandiga, mwendo mfupi kutoka Kigoma, ianziapo barabara ya Manyovu. Zamani kidogo nilipewa picha kubwa ya wakati wa Wajarumani: ufuko, nyumba tatu zenye baraza, watu wamesimama, na chini yake pameandikwa "Udjidji". Nikaifurahia, nikaitia katika fremu, nikaitundika ukutani. Miaka mingi niliwaambia watoto, "Huu ndio ufuko wa Ujiji wa babu zenu."

Ikatokea kwamba jamaa wawili wa Ujiji, watu wa ukoo mmoja, waligombania kiwanja karibu na ufuko. Mmoja akanijia akasema nyumba ya kati katika picha ile ndiyo nyumba ya babu yake, akaniomba nikashuhudie mbele ya wazee. Nikakubali. Picha si ipo? Maandishi si yapo?

Siku mbili kabla ya kikao akaja bibi kizee mmoja, amemshika mkono kitukuu chake kumleta chuoni. Akaitazama picha kwa kitambo, akaniuliza, "Hapa ni wapi, mwanangu?"

Nikamwambia, "Ujiji, mama."

Akacheka. "Ujiji gani yenye mlima mgongoni namna hii? Mimi nimezaliwa Ujiji. Ukitoka majini wapanda polepole mpaka ufike mjini. Hapa ni Kigoma, mwanangu."

Nikamwonyesha maandishi. Akaniuliza, "Aliyeandika alizaliwa hapa?"

Sikuwa na jawabu. Alipoondoka niliishusha picha, nikaifungua fremu. Ukingo wa chini, uliokuwa umefunikwa na ubao wa fremu niliyoinunua mwenyewe, ulikuwa na vyuma viwili vya reli na gurudumu la behewa. Na reli haikuwahi kushuka ufukoni Ujiji. Mwisho wake ni ghuba ya Kigoma. Ndugu msomaji, nilibakiwa na siku mbili tu kabla ya kutoa ushahidi wa uongo, hali nadhani natenda wema. Nilikwenda kikaoni nikawaeleza wazee yote, na kiwanja kikaamuliwa kwa mashahidi wengine. Watoto wa madrasa nao niliwakusanya nikawaambia, "Nilikufundisheni kosa."

Tangu hapo nimejifunza kuisaili picha kama anavyosailiwa shahidi. Wanazuoni wa hadithi hawakutosheka na uzuri wa maneno. Waliuliza, umepokea kwa nani, naye kapokea kwa nani, na je, walikutana? Na katika Surat al-Hujurat tumeamrishwa kuihakikisha habari iletwayo kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Picha nayo ni habari iletwayo.

La kwanza ni kutenga picha na maandishi yake. Picha imeshika kilichokuwa mbele ya kioo. Maandishi yameletwa na mtu, pengine miaka thelathini baadaye, pengine na muuza kadi za posta wa Ulaya asiyepata kuiona Afrika. Hata hijai ni dalili: aandikaye "Udjidji" au "Udschidschi" si mtu wa hapa, na lugha ya maandishi huonyesha zama zake. Wajarumani waliweka kituo chao Ujiji mwaka 1896. Wabelgiji waliiteka Kigoma mwezi wa Julai 1916, wakakaa mpaka 1921 walipowaachia Waingereza. Basi maandishi ya Kifaransa chini ya picha ya Kigoma yaweza kuwa ya miaka hiyo mitano. Lakini hiyo ni dalili, si yakini, maana hata baada ya 1921 Wabelgiji walibakiwa na sehemu yao katika bandari ya Kigoma.

Tena usidhani kila taswira ni picha ya kamera. Taswira mashuhuri kuliko zote za Ujiji ni ile ya Stanley akimvulia kofia Livingstone mwaka 1871. Wako watu wazima wanaoitolea ushahidi wa mavazi na nyumba, nayo ni mchoro uliochapwa katika kitabu cha Stanley cha 1872. Kamera haikuwapo pale. Aliyechora alichora alivyosimuliwa.

La pili ni kuitazama ardhi kabla ya kuzitazama nyumba. Nyumba za Ujiji wa zamani nyingi zilikuwa za udongo, na udongo ukiachwa bila ya mwenyewe mvua chache huurudisha ulikotoka. Usitarajie kukuta magofu kama ya Gedi au Kilwa Kisiwani. Lakini mlima hauhami. Kigoma ni ghuba iliyozungukwa na vilima, na rasi ya Bangwe imeikinga upande wa kusini. Ujiji ufuko wake uko wazi na ardhi yake yateremka polepole. Kadhalika, kwetu ziwa liko magharibi. Ukilielekea, kaskazini iko mkono wa kulia. Ukiona picha ambayo kila kitu kiko kinyume, huenda kioo cha picha kiligeuzwa wakati wa kuchapwa. Tafuta herufi ukutani au ubavuni mwa chombo: zikisomeka kinyume, basi na mji mzima umegeuzwa.

La tatu ni maji, na hapa wengi hupotea. Watu husema, "Ufuko ni ule ule." Sivyo. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 alikuta ziwa limepanda kuliko alivyoliacha 1871. Mwaka 1878 maji yalipasua njia upande wa magharibi, katika mto Lukuga unaotiririkia Kongo, na katika miaka isiyozidi ishirini ziwa likashuka takriban mita 10. Mmishenari Edward Hore, aliyefika Ujiji mwaka huo huo wa 1878, alishuhudia mwanzo wa kushuka kwake. Mita 10 katika mwamba uliosimama si kitu. Katika ardhi ya mteremko kama ya Ujiji ni mitaa mizima. Ndiyo maana nguzo ya kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, iliyowekwa pale uliposimama mwembe wao karibu na maji, leo iko mbali na ziwa. Fahamu basi: ufuko uliopigwa picha na Mjarumani mwaka 1900 ulikuwa chini ya maji Livingstone alipokuwa hai. Asije mtu akakuonyesha nyumba iliyo ukingoni mwa maji katika picha ya 1905 akakwambia ndimo alimokaa Mwinyi Kheri. Na ziwa halijatulia: mwaka 2020 na 2021, na tena 2024, lilipanda likaingia majumbani kwa watu mwambaoni, huku kwetu na kwa jirani zetu wa Bujumbura na Uvira.

La nne ni vitu vyenye mwaka unaojulikana. Reli kutoka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 1,250, ilifika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Picha ya Kigoma yenye behewa haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Meli iliyoundwa Ujarumani mwaka 1913 kwa jina la Goetzen ililetwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kutiwa majini mwezi wa Februari 1915. Wajarumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ukiliona jina Liemba ubavuni, umepata mwaka ambao picha haiwezi kuutangulia.

Nyinyi wa Unguja mnao mfano mzuri zaidi. Beit al-Ajaib ilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, na zamani mnara ulisimama peke yake mbele yake, upande wa bahari. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliyapiga mizinga majumba ya kifalme kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Hukm ikabomoka, na mnara ukaharibika, kisha ukaondolewa. Baadaye ukajengwa mnara mwingine katika uso wa Beit al-Ajaib yenyewe, nao ukaanguka pamoja na sehemu ya jumba tarehe 25 Desemba 2020. Basi picha yenye mnara mzima uliosimama peke yake ni ya kabla ya mizinga, hata kama nyuma yake pameandikwa 1910.

La tano, na ndilo kubwa, ni watu. Livingstone alipofariki mwaka 1873, aliacha daftari zilizojaa majina ya vijiji, mito na watu. Mwaka uliofuata Abdallah Susi na Chuma walipelekwa Uingereza, wakakaa na Horace Waller aliyekuwa akizitayarisha zichapwe, wakamfafanulia yale ambayo karatasi peke yake haikuweza kuyasema. Wasomi wa London walikuwa na ramani na vitabu, lakini walihitaji watu wawili waliopita mahali pale kwa miguu yao. Nasi tunao watu kama hao vibarazani mwetu, ila hatuwaulizi mpaka siku ya maziko yao, tunapokaa chini ya turubai tukasema, "Marehemu alikuwa anajua mengi."

Siku hizi picha za zamani hazimo masandukuni tu. Picha za Walther Dobbertin, Mjarumani aliyekuwa na duka la picha Dar es Salaam, zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa la Ujarumani, na nyingi zaonekana katika intaneti. Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani kina mkusanyo wa picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki. Kijana wako akizifungua katika simu ataona miji yetu, lakini mara nyingi ataona jina la Mzungu limeandikwa kamili, na kando yake "wenyeji watatu". Wenyeji watatu hao ni babu za watu. Nani atawapa majina ikiwa si sisi?

Nami naongeza neno la Mwandiga. Mwenye kamera alikuja na gari moshi na meli, akapiga stesheni, boma na bandari, akaondoka. Kijiji kilichokuwa nyuma ya kilima hakupanda kukitazama. Kwa hiyo usiseme, "Pale hapakuwa na kitu, mbona hakuna picha?" Kukosekana kwa shahidi si dalili ya kukosekana kwa jambo. Ya mahali kama petu yamo vinywani mwa wazee tu, na kinywa hakitunzwi katika nyaraka za taifa lolote.

Basi ndugu msomaji, nakuomba ufanye jambo wiki hii. Itoe bahasha ya nyumbani. Mpelekee picha mzee wako wa kwanza peke yake, kisha wa pili peke yake, wala usiwatajie jina la mahali, uwaache waseme wao. Wakiafikiana, andika nyuma ya picha kwa kalamu laini ya risasi, si ya wino: mahali, watu, aliyekwambia, na tarehe aliyokwambia. Wakihitilafiana, andika kauli zote mbili. Usilokuwa na yakini nalo andika "inasemekana". Neno hilo halikupunguzii kitu. Na picha za ndani, za mama na dada zetu, zibaki ndani. Si kila kinachojulikana hutangazwa.

Picha yangu ingali ukutani madrasani, nimeitoa katika fremu ile ili reli ionekane. Chini yake, penye "Udjidji", nimebandika kikaratasi: "Kigoma, baada ya kufika reli. Tumeambiwa na bibi mmoja mzaliwa wa Ujiji." Yeye Mungu amemrehemu. Jina lake wanafunzi wangu wote wanalijua, na kila mwaka huwauliza wapya, "Nani alitusahihisha?" nao hulitaja.

Wabillahi tawfiq.