Bakora za kupandia mlima: za bei nafuu zinatosha, ila angalia kufuli

Siku hizi watu wa Mombasa tumekuwa wapanda milima. Jumamosi alfajiri matatu imejaa, watu wana mikoba mgongoni, safari ni Shimba Hills au Taita. Na kila safari ikikaribia napokea swali lile lile: ninunue bakora gani, na nitoe shilingi ngapi? Nimejibu mara nyingi kwa simu, sasa naandika ili nipumzike.

Kwanza tujue ni za nini. Wengi hudhani bakora ni ya kusaidia kupanda. Husaidia, lakini kazi yake kubwa ni wakati wa kushuka. Ukishuka, kila hatua uzito wako wote unaangukia goti la mbele. Hermann Schwameder na wenzake walipima jambo hili kwenye mteremko wa nyuzi 25, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba bakora mbili zilipunguza mzigo wa goti kwa kati ya asilimia 12 na 25. Kwa sisi tulioishi miaka yote kwenye ardhi tambarare, ambao mlima wetu mkubwa ni ngazi za ghorofa, hilo si jambo dogo. Mlima Kasigau kilele chake ni mita 1,641, na kutoka vijiji vya chini kama Rukanga unapanda karibu mita elfu moja. Kupanda utahema tu. Ni kesho yake, unapotaka kuinuka kwenye mswala, ndipo utajua ulishuka vipi.

Sasa kufuli. Bakora nyingi zina vipande vitatu vinavyoingiana, na kinachovizuia visirudi ndani ni kufuli. Ziko aina mbili kuu. Moja ni ya kuzungusha: unakamata vipande viwili unavikaza kama unavyokamua nguo, na ndani kuna plastiki inayotanuka kubana bomba. Nyingine ni ya kubana kwa nje, kijiklipu unachokifunga kwa kidole gumba, chenye skrubu ndogo ya kukazia.

Bakora zangu za kwanza zilikuwa za kuzungusha. Nilizinunua duka moja mjini kwa shilingi 1,800 zote mbili, nikajiona mjanja. Kupanda Kasigau zilinifaa. Kushuka, mahali penye majani maji, niliegemea ya kulia na ikazama yote kama darubini ya nahodha. Nilianguka kwa kiganja. Mkono ulivimba, na kwa wiki sita sikuweza kuinua hata ndoo ya maji. Mwenzangu aliyekuwa na fimbo ya mwanzi alishuka salama huku akinicheka, kisha akanibebea mkoba.

Kosa la kufuli ya kuzungusha ni kwamba huwezi kuona kama imeshika. Jasho, vumbi, na hewa yetu ya chumvi huifanya iteleze au igande kabisa. Ile ya klipu unaiona imefungwa au haikufungwa, na ikilegea unaikaza skrubu papo hapo. Kwa hivyo ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: kama fedha ni chache, punguza kila kitu kingine lakini chukua klipu.

Dukani usione haya. Ifungue bakora, ifunge, isimamishe wima sakafuni, kisha iegemee kwa uzito wako wote mara tatu nne. Ikirudi ndani hata nusu inchi, mrudishie mwenyewe. Uliza pia kama bei ni ya moja au ya mbili, maana kwenye mtandao picha inaonyesha jozi na mzigo unafika mmoja.

Mengine yote hayastahili kukutoa pesa. Kaboni ni nyepesi kuliko alumini, lakini tofauti kwa jozi ni kama gramu mia hivi, na kaboni ikigongwa ubavuni na jiwe huvunjika. Alumini hupinda, na mara nyingi utaweza kufika nayo nyumbani. Springi za ndani za kupunguza mshtuko ni za kupendeza dukani tu. Zinaongeza uzito na kitu cha kuharibika. Mpini wa mpira mgumu kwa joto letu huota malengelenge mkononi, basi tafuta wa sponji. Ncha iwe ya chuma kigumu, si plastiki tupu, na iwe na kofia ya mpira ya kuvalisha unapotembea juu ya mwamba, lami au ndani ya gari ya watu.

Urefu usikusumbue. Simama wima na viatu, shika mpini, ncha ikiwa chini kando ya mguu: kiwiko kikunje pembe mraba. Ukitaka hesabu, zidisha kimo chako kwa 0.68. Mtu wa sentimita 165 atahitaji kama sentimita 112. Ukipanda fupisha kwa sentimita tano hadi kumi, ukishuka refusha kiasi hicho hicho. Bakora nyingi za vipande vitatu zinafika hapo bila taabu. Mtu mrefu sana ndiye asome kwanza namba zilizoandikwa kwenye bomba.

Halafu kuna ule mkanda wa mkononi, ambao karibu kila mtu huuvaa kimakosa. Usiingize mkono kutoka juu. Uingize kutoka chini kwenda juu, kisha shusha kiganja ushike mkanda pamoja na mpini. Hapo uzito unabebwa na kifundo, na vidole hubaki vyepesi. Ukiuvaa vibaya na ukaanguka, mpini unaweza kulivuta gumba kwa nyuma na kulijeruhi. Penye mawe ya kukamata kwa mikono, vua mikanda kabisa.

Na asiye na pesa ya kununua? Fimbo ni fimbo. Marehemu baba alikuwa na bakora ya mpingo ya kwendea msikitini. Ile ni ya heshima na mlimani haiendi, lakini mpini wa jembe au mwanzi mkavu unaofika kifuani utakutosha kwa safari ya kwanza. Valisha chini ule mpira wa mikongojo unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya hospitali. Ila fimbo hiyo ije nawe kutoka nyumbani. Usikate mti Shimba Hills, wala kwenye msitu wa Taita, na kwenye kaya ndiyo usithubutu hata kuokota kijiti.

Anayekwenda mbali zaidi, sema Kilimanjaro kwa kupitia Taveta na Holili, asinunue kwanza. Moshi bakora hukodishwa, na bei yake huingia kwenye mapatano na wanaokuongoza. Zijaribu pale pale kwa kuziegemea kama nilivyosema, kabla gari halijaondoka.

Ukirudi nyumbani, usizitupe mvunguni zikiwa na matope. Zichomoe vipande vyote, zifute kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi, ziache zikauke usiku mzima zikiwa zimeachana, ndipo uziunganishe. Usitie mafuta ndani ya bomba hata kama zinakwaruza. Mafuta hayo ndiyo yatakayofanya kufuli iteleze. Zangu za sasa ni alumini, za klipu, nimezinunua mitumba, moja nyekundu na moja ya kijivu. Zina miaka minne, na skrubu nimebadilisha mara moja kwa fundi baiskeli.