Mabaharia wa Merikebu za Nyota

Mwaka 1977 kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Game Designers' Workshop, katika mji wa Normal, jimbo la Illinois, ilitoa mchezo wa mezani uitwao Traveller, uliobuniwa na Marc Miller. Katika mchezo wa namna hii kila mchezaji hujitwalia mhusika, akasema na kutenda kama yeye. Mmoja wao huwa mwamuzi, naye husimulia yanayowapata wenzake. Penye mashaka, dadu huamua. Kanuni zake zilikuwa katika vitabu vitatu vidogo vyenye majalada meusi, na habari zake ni za watu wasafirio baina ya nyota, wakibeba shehena na abiria na kuhangaika kulipa deni la chombo chao.

Mpwa wangu aliyesoma huko ndiye aliyenionyesha vitabu hivyo. Nilipovifungua, macho yangu yalikwama kwenye orodha ya mabaharia. Kila chombo sharti kiwe na rubani. Kikifika tani 200, kiwe na mhandisi na tabibu. Kikizidi hapo, kiwe pia na mpima njia. Abiria wanane wa daraja la juu wana haki ya mhudumu wao. Penye mizinga, pawe na mpigaji. Hata mishahara ya mwezi ilitajwa: rubani 6,000, mpima njia 5,000, mhandisi 4,000, mhudumu 3,000, tabibu 2,000, na mpiga mizinga 1,000. Mtu mmoja aliruhusiwa kushika kazi mbili, lakini ustadi wake ulihesabiwa pungufu.

Kompyuta nayo ilikuwamo. Iliyo ndogo kuliko zote ilichukua nafasi ya tani nzima, na bei yake ilikuwa milioni mbili. Haikuweza kuendesha ila programu chache kwa wakati mmoja. Mtu akitaka nyingine, hana budi kuondoa iliyopo. Asiyekuwa na programu ya kupanga njia alinunua kaseti ya safari moja, iliyojifuta yenyewe ikiisha kutumika. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo wa 1977 ndipo kompyuta za Apple II, PET na TRS-80 zilipoanza kuuzwa, nazo zilikaa juu ya meza ya mtu nyumbani.

Tukicheka, tutakuwa tumekosa haki. Waandishi wale waliiga dunia waliyoiona. Meli za miaka ile zilikuwa na ofisa wa redio aliyejua Morse. Ndege ya Boeing 747, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1970, ilikuwa na watu watatu chumbani mbele, mmoja wao mhandisi wa kutazama mitambo. Aina mpya ya ndege hiyohiyo, 747-400, ilipoanza kazi mwaka 1989, ilihitaji wawili tu. Ofisa wa redio naye aliondolewa na mfumo mpya wa mawasiliano ya bahari uliokamilika tarehe 1 Februari 1999. Kwa hiyo vitabu vile, vilivyodai kusimulia mambo ya mbele, leo husomeka kama daftari la kazi zilizokwisha kupita.

Lakini iko sababu nyingine, nayo ndiyo niliyoitafakari zaidi. Mezani wameketi marafiki watano au sita, na kila mmoja anataka zamu yake. Kompyuta ikiweza kuongoza chombo, kupima njia, kutengeneza mtambo na kulenga mizinga, wenzetu hao watafanya nini? Watashika dadu mkononi na kutazama. Mbuni wa mchezo hulazimika kuliuliza swali hili, maana asipolijibu, meza yake itavunjika kabla ya usiku kwisha. Mwenye kiwanda au ofisi halazimiki, kwa kuwa aliyepunguzwa huenda kuketi kwingine, mbali na macho yake.

Nalisema hili kwa kuwa nami nilikuwa mwendeshaji wa teleksi katika ofisi moja ya Dar es Salaam, mpaka faksi ilipoingia. Sina kinyongo na faksi. Ilifanya kazi upesi kuliko mimi. Lakini tangu siku ile hakuna aliyeniuliza tena, "Kuna habari gani leo?" Mshahara niliupata kwingine. Swali lile sikulipata.

Hadithi za nyota zililijua jambo hili mapema. Mwaka 1968, katika michezo ya televisheni ya Star Trek, Dakta Daystrom alifunga kompyuta iitwayo M-5 ndani ya chombo Enterprise, nao mabaharia wakapunguzwa wakabaki 20. Katika mazoezi ya vita mashine ile ikashambulia vyombo vya wenzao kwa kweli, watu wakafa. Traveller yenyewe, katika toleo la mwaka 1993, ilisimulia jinsi maradhi ya kompyuta yenye akili yalivyoenea chomboni hata chombo na kuangusha dola zima. Kisha hofu ikapungua. Matoleo ya miaka ya karibuni yamekuja na programu za kujaza nafasi ya baharia, na kikundi cha wachezaji wawili chaweza kusafiri bila tabu.

Sidhani kwamba jibu ni kuikataa mashine. Hata kanuni za 1977 zilimruhusu mtu kurusha peke yake chombo cha upelelezi cha tani 100. Lakini tazameni kanuni ya abiria maskini. Aliyelipa 1,000 badala ya 10,000 aligandishwa usingizini katika sanduku, na kuamka kwake kuliamuliwa kwa dadu. Akiwepo tabibu stadi, bahati yake iliongezeka. Sanduku lilikuwa mashine tayari; hata hivyo kanuni ilitaka mtu awepo kando yake linapofunguliwa.

Hapo ndipo ningependa tuanzie hesabu zetu kila mashine mpya inapoletwa. Tukiisha kujua inaweza nini, tuulize pia ni nani atakayesimama kando ya sanduku, na aliyeondolewa atapewa zamu gani mezani.