Kabla ya Tovuti Kulikuwa na Mazinde: Wageni Hufikaje Mahali Papya

Vikundi vya wakulima vinafungua tovuti siku hizi. Kijana mmoja aliyesoma anaitengeneza, wanachama wanachanga, picha za maharage na ndizi zinapandishwa, kikao kinapiga makofi. Baada ya miezi mitatu wanaangalia hesabu ya waliotembelea na kukuta ni wao wenyewe, tena kwa simu zile zile. Ndipo swali linapofika kwangu: afisa, tufanye nini watu waingie?

Mbinu zipo na nitazigusa huko mbele. Ila swali lenyewe ni la zamani kuliko intaneti. Kila aliyewahi kufungua mahali papya alikumbana nalo, na hapa kwetu Korogwe na Handeni limejibiwa zaidi ya mara moja, kwa mema na kwa mabaya. Kwa hiyo leo naomba tuache mbolea kidogo, tuongee historia.

Katikati ya karne ya 19 mji mkuu wa Usambara ulikuwa Vuga, juu mlimani, karibu na Soni ya leo. Hapo alikaa Kimweri ye Nyumbai wa ukoo wa Wakilindi, Simba Mwene wa Wasambaa, na himaya yake ilishuka mpaka pwani. Mmisionari Krapf alipanda kumwona mwaka 1848, akarudi tena 1852. Burton na Speke walipanda 1857. Vuga haikuwa na haja ya kutafuta wageni. Ushuru ulipelekwa Vuga, kesi kubwa ziliamuliwa Vuga, mvua ikigoma watu walimtazama mfalme wa Vuga. Mtu alipanda kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda.

Kimweri akafariki mwaka 1862, na wakati huo mambo yalikuwa yameshaanza kugeuka huku chini. Biashara ya pembe za ndovu ilikuwa imekua. Misafara iliyotoka Pangani ilifuata mto, ikapita chini ya milima kwenda Upare na Kilimanjaro. Sasa fikiria wewe ni mpagazi, una mzigo kichwani, una safari ya wiki kadhaa mbele yako. Utapanda mlima mpaka Vuga kumsalimia mfalme? Hupandi. Unapita tambarare, unatafuta maji na chakula, unaendelea.

Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri, alilielewa hilo mapema kuliko ndugu zake. Makao yake aliyaweka Mazinde, kwenye nyika chini ya mlima, pale pale njia ilipopita. Mazinde hiyo hiyo mnayoipita kwa basi mkitoka Mombo kwenda Mkomazi. Hakuwatumia wafanyabiashara wajumbe wa kuwaomba waache njia yao wamfuate. Yeye ndiye aliyehamia njiani. Nyuma yake kulikuwa na mlima wenye chakula, na msafara wa mamia ya watu hauna shida kubwa kuliko chakula. Alizijua desturi za watu wa pwani, akaongea nao wakaelewana. Nao walimletea nguo, bunduki na baruti.

Mwishoni mwa miaka ya 1860 bunduki hizo zikafanya kazi. Semboja aliishambulia Vuga na kumwondoa Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri aliyekuwa amerithi kiti. Jambo linalonishangaza kila nikilifikiria ni alichofanya baada ya kushinda. Hakuhamia Vuga. Alimweka mwanawe Kimweri Maguvu akae kwenye kiti cha mababu, yeye akabaki Mazinde. Heshima ikawa juu, biashara ikabaki chini, naye alijua ipi kati ya hizo mbili inaleta bunduki. Wengi husimulia habari hii kama ugomvi wa watoto wa mfalme, na ni kweli ulikuwa ugomvi. Lakini mfanyabiashara wa kijijini akiisoma ataona kitu kingine pia: mtu mmoja alikuwa na jengo zuri mahali ambapo hakuna apitaye, mwingine alikuwa na kibanda barabarani.

Upande wa pili wa habari lazima usemwe. Wageni wa Mazinde hawakufuata ndizi na mahindi tu. Walifuata pembe, na walifuata watu. Katika vita vile vya wenyewe kwa wenyewe mateka waliuzwa utumwani pwani, na kijiji cha mlimani kilichokosa ulinzi kilikuwa hatarini. Wabondei waliasi utawala wa Wakilindi, wakati huo unaokumbukwa kwa jina la Kiva. Ukihesabu wageni tu, Mazinde ilifanikiwa kuliko mahali popote katika eneo hili. Ukihesabu waliotoka mlimani na hawakurudi, hesabu inakuwa nyingine kabisa. Nitarudi kwenye jambo hili, maana linahusu hata tovuti ya maharage.

Kulikuwa pia na namna nyingine ya kuvuta watu, ya kimya zaidi, isiyohitaji bunduki: gulio. Neno lenyewe ni ndugu wa kugula, kununua, kwa Kizigua. Watu wa mlimani na watu wa nyikani walihitajiana tangu zamani, huyu ana ndizi na maharage, yule ana mifugo. Nguvu ya gulio haiko kwenye uwanja. Uwanja wa gulio siku isiyo yake ni vumbi na mbwa. Nguvu iko kwenye siku. Mama akishajua kwamba siku fulani watu wapo, hahitaji tangazo tena. Hata akikosa wiki hii anajua wiki ijayo ipo. Na kila mwenye kibanda cha mitumba anajua kwamba gulio jipya likipangiwa siku ya gulio kubwa la jirani, limekufa kabla halijaanza. Waanzilishi wenye akili hutafuta siku iliyo wazi kwenye mzunguko wa wachuuzi, ili mchuuzi aliyemaliza kwa jirani leo awe na pa kwenda kesho.

Reli ilikuja na somo lile lile la Semboja kwa chuma. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, kisha kampuni ikaishiwa fedha na serikali ikabidi iichukue. Korogwe ilifikiwa 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Kwa sehemu kubwa ilipita chini ya milima, jirani na njia ya misafara. Mombo ikawa mlango wa Lushoto, enzi hizo ikiitwa Wilhelmstal, kwa sababu treni iliwashusha watu hapo. Handeni nayo ina mfano wake wa siku za barabara: Segera. Hapakuwa na mji mkuu wa mfalme pale. Ni njia tatu zimekutana, ya Tanga, ya Chalinze na ya Moshi, na watu wanakula pale usiku na mchana.

Mtu ataniambia: afisa, hayo ni mahali pa kufika kwa miguu, tovuti haina njia wala kituo. Ni kweli kwa sehemu. Basi tuangalie kitu kinachofanana na tovuti zaidi, yaani karatasi ya habari. Mkoa wetu ulikuwa nazo mapema. Wamisionari wa Magila, huko Muheza, walitoa Habari za Mwezi tangu miaka ya 1890. Kisha shule ya serikali ya Tanga ikatoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, ambalo liliendelea kwa miaka zaidi ya kumi hadi vita vilipofika mwaka 1916.

Kiongozi lilianza katika nchi ambayo wachache sana walijua kusoma. Lilipata wapi wasomaji? Kwanza kutoka shuleni kwake. Vijana waliosoma Tanga walitawanyika koloni zima wakiwa walimu, makarani na maakida. Popote walipokwenda walilijua gazeti, nalo liliwajua. Pili, wao wenyewe waliliandikia. Barua zilitoka mji huu na ule, habari za mvua, za wageni, za misiba, pamoja na mashairi. Mtu aliyetuma habari ya mji wake angekosaje kununua toleo lenye habari hiyo? Angelinunua, akamsomea jirani asiyejua kusoma, na jirani akauliza la mwezi ujao linakuja lini. Hata Mambo Leo, gazeti la serikali ya Waingereza lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilipendwa kwa njia hiyo hiyo: habari za miji, barua na mashairi ya wasomaji. Shaaban Robert, mwana wa Tanga, alikuwa mmoja wa walioandika humo.

Mfano wa karibuni mnaukumbuka wote. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, huku kwetu 2008, na kwetu ilikwenda polepole zaidi mwanzoni. Matangazo yalikuwepo tangu siku ya kwanza. Kilichowashawishi watu wa vijijini ni kumwona wakala ambaye ni jirani yao, amekaa kwenye kibanda wanachokijua, akitoa fedha taslimu mkononi. Aliyepokea akaenda kumwambia shemeji yake.

Sasa turudi kwenye tovuti ya kikundi. Wengi hujenga Vuga: ukurasa mzuri wenye historia ya kikundi, picha ya mwenyekiti, dira na dhamira. Kisha wanasubiri watu wapande. Mnunuzi wa maharage hapandi. Njia yake anaijua: kundi la WhatsApp la madalali, simu ya mtu aliyemuuzia mwaka jana, gulio, na siku hizi Google. Anuani yenu iwe kwenye njia hiyo. Iandikwe kwenye kila gunia linaloshuka, iwe kwenye risiti, iwe kwenye ujumbe unaokwenda kwa kila mteja aliyewahi kulipa. Hao waliokwisha kununua ndio wanafunzi wenu wa Tanga. Waanze hao, si dunia nzima.

Kuhusu Google, andikeni maneno ambayo mnunuzi anayaandika yeye. Aliyeko Dar es Salaam hajui Mpale. Anajua Korogwe, anajua Mombo, anajua Lushoto. Ukurasa unaosema tu "mazao bora kutoka Mpale" utaonwa na watu wa Mpale. Unaosema "maharage ya Mpale, Korogwe, bei ya wiki hii" una nafasi. Na neno "wiki hii" liwe la kweli. Chagueni siku moja, mfano Jumatatu, bei ibadilishwe kila Jumatatu hata kama haijapanda wala kushuka. Tovuti yenye bei ya mwaka juzi ni uwanja wa gulio siku isiyo yake. Namba ya simu iwe juu kabisa, na mwenye simu awe mtu anayepokea. Wengi wa wateja wenu watasoma mara moja kisha watapiga.

Halafu kuna lile la Mazinde. Hesabu ya waliotembelea ikianza kupanda, msifurahi kabla ya kujua ni akina nani. Tovuti inayosema nani ana gunia ngapi, kijiji gani, na lini anahitaji hela ya ada, inamfaa mlanguzi kuliko mnunuzi. Nimeona kurasa zinazotaja majina ya wakulima na kiasi cha mzigo wa kila mmoja, na lori likaja moja kwa moja kwa mwenye shida zaidi, likikipita kikundi. Weka jumla ya kikundi, usiweke ya mtu mmoja mmoja. Mazungumzo ya bei yapitie namba ya kikundi. Lumbesa imepigwa marufuku kisheria, lakini anayekuja shambani jioni na hela mkononi bado huiomba. Kwa hiyo mstari wa kwanza chini ya bei, kabla hata ya picha, uwe huu: tunauza kwa kilo, mzani upo kwenye ghala la kikundi.