Jinja ya Kale: Majumba Yake na Vyakula Vyake

Mtu atokaye Buwenge kwa njia ya Kamuli, akisha kuingia Jinja na kuifikia Barabara Kuu, huona safu ya majumba ya zamani yenye nguzo na baraza ndefu, na juu yake, kwenye uso wa ukuta, yamechorwa kwa saruji majina ya watu na miaka ya kujengwa. Aghalabu hupita bila kuinua macho, kwa kuwa ana haja zake sokoni. Lakini siku hizi wako wageni wapitao mitaa hiyo polepole, wakiongozwa na kijana wa mjini, wakisimama nyumba hata nyumba kusikiliza habari zake, na kuonja chakula hapa na pale. Kwa kijana yule hiyo ni riziki. Kwa Waislamu wa Busoga ni jambo kubwa zaidi, maana sehemu ya tarikhi yao imo katika kuta zile, na kuta zenyewe zinapungua.

Jina la mji latokana na mawe, kwani jiwe kwa Kiganda ni “ejjinja”, na mawe hayo ndiyo yaliyokuwa maporomoko ya mto ambayo Mwingereza Speke aliyafikia tarehe 28 Julai 1862. Mji ulikuja baadaye. Katika mwaka wa 1901 Serikali ya Waingereza ilihamisha makao yake ya Busoga kutoka Iganga hata Jinja, na mwaka huo huo reli ya kutoka Mombasa ikafika Kisumu. Basi meli zikawa zinavuka Ziwa na bidhaa, na pamba ya Busoga ikapata njia ya kutokea. Mwaka 1912 ikafunguliwa reli ya kutoka Jinja hata Namasagali, na kila furushi la pamba kutoka kaskazini likaelekea bandari ile.

Nyuma ya pamba walifuata wenye maduka. Mashuhuri wao alikuwa Allidina Visram, Mwismailia wa Kutch, aliyeanza biashara yake Bagamoyo na Unguja, akapanda bara kwa njia ya misafara, mpaka maduka yake yakaenea Uganda nzima, Jinja ikiwamo. Alifariki mwaka 1916. Baada yake walikuja wengi, Wahindu kwa Waislamu, na majina yao ndiyo yasomwayo juu ya majumba. Mbele palikuwa duka, nyuma ghala na ua, na jamaa wakilala humo humo au ghorofani. Barazani alikaa fundi cherehani, mara nyingi mwenyeji wa nchi. Hata leo Mganda husema “edduuka”, na sabuni na sukari huziita kwa majina yaliyopanda na misafara ya pwani. Na ni misafara hiyo hiyo iliyoleta dini kabla ya Mzungu kujenga boma.

Katika Barabara ya Luba kiongozi husimama kidogo, na ingefaa asimame zaidi. Luba alikuwa mtawala wa Bunya, na katika ngome iliyoitwa kwa jina lake, huko Bukaleba kando ya Ziwa, askari wa Kisudani walioasi mwaka 1897 walizingirwa hata Januari 1898. Askari hao walikuwa Waislamu, waliochoshwa na safari zisizokwisha na mshahara mdogo uliocheleweshwa. Vitabu vya wakoloni viliwataja kama wahaini tu. Ni haki mgeni asikie pia habari ya mshahara.

Kisha huja chakula, na hapo matembezi huchangamka. Chai ya maziwa iliyotiwa tangawizi, mandazi, sambusa zenye nyama au dengu, bagia, na pilau siku ya Ijumaa: vyote hivi ni wageni waliokwisha kuwa wenyeji. Neno sambusa lilitoka Uajemi, na chapati ni ya Bara Hindi. Jikoni mwa Wahindi walifanya kazi vijana wa Kiafrika. Wakajifunza kukanda unga, kuukunja kwa mafuta na kuusukuma, nao wakaupeleka ujuzi huo kando ya barabara. Siku hizi muuzaji wa Kisoga hukaanga mayai kwa nyanya na kabichi, akayaviringisha ndani ya chapati, na kitu hicho huitwa rolex katika Uganda nzima. Husimuliwa kwamba ni Wasoga waliokizoesha wanafunzi wa Wandegeya, Kampala. Na Wasoga hawana haraka ya kukanusha. Pembeni huuzwa viazi vitamu na ngege wa Ziwa, chakula cha nchi kilichotangulia vyote hivyo.

Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Majumba yakagawiwa, mengi yakakosa matengenezo. Katika miaka ya 1990 baadhi ya wenyewe walirudishiwa mali zao. Lakini tangu Jinja ipewe daraja la jiji, tarehe 1 Julai 2020, thamani ya kiwanja imepita thamani ya nyumba, na nyumba ya zamani ikibomolewa, jina na mwaka wake huenda pamoja na kifusi. Mwenye mali hawezi kulaumiwa kwa kutaka faida. Ila hata picha haikupigwa.

Matembezi huishia mtoni. Maporomoko aliyoyaona Speke hayapo, yalizama baada ya bwawa la Owen lililofunguliwa na Malkia Elizabeth tarehe 29 Aprili 1954. Kijana huonyesha kwa kidole mahali mawe yalipokuwa, maji yakipita juu yake kimya, na wageni humaliza chapati zao kabla ya kurudi mjini kwa sala ya alasiri.