Ukuaji na Urithi katika Biashara ya Familia: Mfano wa Allidina Visram, 1863–1923

Biashara ya Allidina Visram iliporomoka baada ya kifo cha mwanawe, Abdulrasul, mwaka 1923. Ni rahisi kulieleza anguko hilo kama msiba wa familia tu. Insha hii inadai kwamba chanzo chake kilikuwemo katika namna biashara hiyo ilivyokua.

Visram alifika Bagamoyo mwaka 1863 akiwa bado mtoto, akitokea Kutch nchini India. Baadaye alifanya kazi chini ya Sewa Haji Paroo, tajiri aliyeipatia misafara ya bara wapagazi na bidhaa. Sewa Haji alifariki mwaka 1897, wakati ambapo reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilikuwa ikielekea Ziwa Victoria. Ilipofika Kisumu mwaka 1901, faida ya misafara katika njia hiyo ilikuwa imekwisha. Visram alikuwa amekwisha kuamua kuifuata reli, na maduka yake yakaenea kutoka pwani hadi Uganda.

Ukuaji huo uliendeshwa kwa mali kauli. Wakala wa bara alipokea nguo, chumvi na vifaa vingine bila kulipa papo hapo, kisha akarejesha thamani yake kwa mazao aliyonunua kwa wakulima, kama vile ufuta, pamba na ngozi. Faida ilipatikana katika safari zote mbili. Kutokana nayo Visram aliingia katika viwanda, vikiwemo vya kuchambua pamba na kukamua mafuta. Hata hivyo, kiungo cha mtandao mzima kilikuwa imani: wakala alimwamini Visram, na Visram alimjua wakala. Kila tawi jipya liliongeza mapato, lakini pia liliongeza madeni yaliyotegemea jina la mtu mmoja.

Visram alifariki Mombasa mwaka 1916. Mrithi wake alipokea biashara katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, kisha akakumbana na mdororo wa bei na mabadiliko ya sarafu ya miaka ya 1920 na 1921, rupia ilipoondolewa na hatimaye shilingi ikaingizwa. Yawezekana kusema kwamba hali hizo zenyewe zinatosha kueleza anguko. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshelezi, kwa sababu misukosuko hiyo iliwakumba wafanyabiashara wote wa eneo hili na si wote walioanguka.

Ukoo wa Karimjee Jivanjee, ulioanzia Unguja katika karne ya 19, unatoa ulinganisho wenye manufaa. Kampuni yao iliingia katika mkonge na uuzaji wa magari, ikapoteza mashamba katika utaifishaji uliofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967, lakini ikaendelea kuwepo. Tofauti ya msingi ni kwamba mamlaka yaligawanywa miongoni mwa wanaukoo wa vizazi kadhaa, hivyo kifo cha mmoja hakikukata uhusiano na wadai na wateja.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mfano wa Visram unaongeza kuwa daftari nalo halitoshi endapo anayeweza kudai kilichoandikwa humo ni mtu mmoja tu. Kwa biashara ya familia, uamuzi wa kufungua tawi na uamuzi wa kuandaa mrithi ni uamuzi mmoja.