Koroboi, taa tuliyojitengenezea

Wadau, historia ya mwanga vijijini haikuanza na TANESCO. Zamani Wairaqw wa Mbulu walichimba nyumba ubavuni mwa kilima na kuziezeka kwa udongo, wavamizi wa ng'ombe wasizione. Ndani, mwanga ulikuwa moto wa jikoni tu.

Kisha yakaja mafuta ya taa. Wenye nacho walinunua chemli na karabai kutoka nje. Wengine, Mbulu hadi Hanang, wakawashia koroboi: kopo tupu, mfuniko uliotobolewa, kibomba cha bati, utambi wa pamba au tambara. Basi! Ikivuja, jirani anaiziba.

Tusiisifie mno. Moshi wake uliumiza macho na vifua, na ikianguka ilichoma nyumba. Mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita, eti kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Akaumia mwanafunzi aliyesomea koroboi, ambaye kwao hapakuwa na gari la kuchakachulia chochote.

Leo sola zimeenea, na mapafu yamepumua. Ila nyingi zimefungwa kabisa, zikifa, zinatupwa. Koroboi acha iende. Ule ujuzi wa kujitengenezea na kukarabati je, nao tuuzike?