Bei na Heshima

Neno kuthamini limetokana na thaman ya Kiarabu, yaani bei. Asili yake, basi, ni kukitia kitu bei. Heshima ilijengwa juu ya hapo. Katika soko la watumwa la Unguja, lililofungwa mwaka 1873, binadamu walitiwa bei mnadani. Leo mtu athaminiwaye ni yule asiyeuzika, wala si mageuzi madogo hayo. Ahsante nayo ilikuwa hukumu, “umefanya vyema”, kabla Waswahili hawajaifanya shukrani na kuiundia wingi wao wenyewe: ahsanteni.

Lakini bei haikulitoka lile neno la kwanza. Mthamini wa Tanzania hukadiria nyumba na mashamba, na mwenye shamba litakalotwaliwa na Serikali huingojea kalamu yake kwa hofu, kwani mwembe uliopandwa na babu utaandikwa kwa shilingi.